MILTON CROSS (1897–1975): MTANGAZAJI WA OPERA NA MAONI YA WASIKILIZAJI WAKE

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa isimujamii wameshughulikia kwa kiasi kikubwa lugha ya mahakamani, ya mahubiri, ya siasa na ya matangazo ya mpira. Lugha ya mtu anayesimama kati ya muziki na msikilizaji wa redio haijapewa uzito kama huo. Huenda sababu ni kwamba kazi ya mtu huyo hudhaniwa kuwa ndogo: kutaja jina la utungo na la mtungaji, kisha kunyamaza ili muziki usikike. Hata hivyo, kila panapotokea badiliko la mtangazaji katika kituo au kipindi cha muziki wa klasiki, wasikilizaji hutoa maoni makali kupita kiasi ambacho kazi ndogo kama hiyo ingestahili. Muziki ni uleule, waimbaji ni walewale na saa ni ileile. Kilichobadilika ni dakika chache za maneno. Je, wasikilizaji hao hulalamikia nini hasa?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kufuatilia maisha ya mtu mmoja, Milton John Cross, aliyetangaza opera kutoka jumba la Metropolitan Opera mjini New York kwa misimu 43 mfululizo. Maisha yake ya kazi yanafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu yalianza wakati ambapo mtangazaji hakuruhusiwa hata kuwa na jina, na yalimalizika siku moja tu kabla ya mtu mwingine kuketi mahali pake. Hoja tunayoitetea ni kwamba maoni ya wasikilizaji kuhusu mabadiliko ya watangazaji hayatokani na mazoea peke yake. Mtangazaji anayedumu hujenga mapatano ya lugha baina ya jumba la muziki na hadhira isiyoliona. Anapoondoka, wasikilizaji huuliza, hata kama hawasemi waziwazi, mapatano hayo ni mali ya nani.

2.0 Kuzaliwa na mafunzo

Cross alizaliwa tarehe 16 Aprili 1897 katika mji wa New York, upande wa magharibi wa kisiwa cha Manhattan, katika mtaa uliojulikana kwa jina la Hell's Kitchen. Mtaa huo ulikuwa makazi ya wafanyakazi wa bandarini na viwandani pamoja na wahamiaji kutoka Ulaya, na lafudhi ya wakazi wake haikuwa ile iliyohesabiwa kuwa ya watu wenye elimu. Jambo hili ni la kuzingatiwa, kwa sababu mtu aliyetoka katika mtaa huo ndiye aliyekuja kutunukiwa nishani ya matamshi bora katika nchi yake.

Alijaliwa sauti ya teno, na tangu ujanani alikuwa mwimbaji katika makanisa. Baadaye alisoma katika Institute of Musical Art, chuo kilichoanzishwa na Frank Damrosch mwaka 1905 na ambacho hatimaye kiliunganishwa katika shule ya muziki ya Juilliard. Mafunzo ya uimbaji wa aina hiyo humlazimu mwanafunzi kutamka Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa kwa usahihi, hata kama hazungumzi lugha hizo. Humfundisha pia kupima pumzi, kurefusha irabu bila kuiharibu, na kuitoa konsonanti ya mwisho ili isikike nyuma ya ukumbi. Stadi hizo, ambazo Cross alizipata kwa ajili ya kuimba, ndizo alizozihamishia katika kusema.

3.0 Sauti isiyo na jina

Kituo cha redio cha WJZ kilianza kurusha matangazo mwezi Oktoba 1921 kutoka kiwanda cha kampuni ya Westinghouse huko Newark, katika jimbo la New Jersey. Cross alifika hapo kama mwimbaji. Vituo vya wakati huo vilihitaji watu wa kujaza saa za jioni, na wasanii wengi waliimba bila malipo. Haikuchukua muda akaombwa awe pia mtangazaji, kwa sababu mahitaji ya kituo yalikuwa yamezidi uwezo wa mtangazaji mmoja aliyekuwapo. Kwa hiyo akawa anaimba na kutangaza kwa zamu.

Desturi ya kituo ilikuwa kumtambulisha mtangazaji kwa herufi tu. Herufi ya kwanza ilisimama kwa niaba ya kazi yake, ya pili kwa niaba ya jina lake, na ya tatu ilitaja mji. Kwa kuwa herufi ya jina Cross ilikuwa tayari imechukuliwa na mwenzake Thomas Cowan, Cross alijulikana hewani kama AJN, na herufi ya katikati ikatokana na jina lake la pili, John. Wasimamizi wa vituo hawakupenda watangazaji wajulikane kwa majina. Mtangazaji asiye na jina ni rahisi kumbadilisha, wala hawezi kudai mshahara kwa nguvu ya umaarufu wake.

Wasikilizaji hawakukubaliana na mpango huo. Waliandika barua wakitaka kujua ni nani aliyekuwa akisema nao, na kadiri miaka ya 1920 ilivyosonga mbele, vituo vililegeza msimamo na majina yakaanza kutajwa. Kwa mwanaisimu, tukio hili lina maana kubwa. Linaonyesha kwamba hata pale taasisi inapotaka sauti ichukuliwe kuwa chombo tu, hadhira huichukulia kuwa mtu. Msikilizaji hatofautishi ujumbe na msemaji kwa urahisi ambao wasimamizi hudhani. Hapa pana chimbuko la mvutano tutakaouona tena mwaka 1931, mwaka 1975 na hata baada ya mwaka 2000.

4.0 Nishani ya matamshi na suala la usanifu

Mwaka 1926 kampuni ya NBC iliundwa, na mwaka uliofuata WJZ ikawa kituo kikuu cha mojawapo ya mitandao yake miwili, ule ulioitwa Blue. Sauti ya Cross ikatoka New York na kuenea katika majimbo mengi. Alitangaza vipindi vya aina mbalimbali: muziki wa dansi uliofadhiliwa na maduka ya vyakula, kipindi cha watoto cha Jumapili asubuhi, na mashindano ya waimbaji chipukizi wa opera.

Mwaka 1929 chuo cha wanataaluma cha American Academy of Arts and Letters kilianza kutoa nishani ya dhahabu kwa matamshi bora ya redioni, na Cross akawa wa kwanza kuipata. Nishani hiyo ilitolewa kwa miaka michache tu, lakini historia yake inafunza. Redio ilikuwa imezifikisha lafudhi za mbali katika kila nyumba, na swali la ni matamshi yapi yachukuliwe kuwa mfano likawa suala la kitaifa. Waliotoa nishani hawakutafuta lafudhi ya eneo fulani. Walitaka matamshi yasiyomtambulisha msemaji kwa mtaa wala kwa jimbo lake, na ambayo msikilizaji wa popote angeyaona kuwa ya kiungwana.

Hivyo Cross alitunukiwa kwa sababu alikuwa ameificha asili yake. Matamshi yake yalikuwa ya kujifunza, si ya kuzaliwa nayo. Katika istilahi za isimujamii tungesema alikuwa amemudu lahaja ya hadhi, kisha akaifanya ionekane kuwa sauti yake mwenyewe. Wasikilizaji waliipokea kama tabia ya mtu mpole na mwenye adabu. Wachache ndio walioitambua kuwa zao la shule.

5.0 Opera ya kwanza na thamani ya ukimya

Tarehe 25 Desemba 1931 NBC ilirusha kwa ukamilifu opera ya Engelbert Humperdinck, Hänsel und Gretel, moja kwa moja kutoka jukwaa la Metropolitan Opera. Wakati huo taasisi hiyo ilikuwa imebanwa na mdororo wa uchumi, na malipo ya redio yalikuwa msaada mkubwa kwake. Cross alikuwa mtangazaji. Kazi ya kufafanua hadithi alipewa Deems Taylor, mtungaji na mhakiki wa muziki aliyeheshimika.

Waandalizi walihofu kwamba msikilizaji asiyeona jukwaa angepotea. Kwa hiyo Taylor alieleza matukio huku muziki ukiendelea. Wasikilizaji walilalamika: walitaka muziki usikike bila sauti ya mtu juu yake. Malalamiko hayo yalizingatiwa, na mtindo wa kusema juu ya muziki ukaachwa. Uliobaki ulikuwa mtindo wa Cross: maneno yatangulie kabla ya pazia kufunguliwa, yarudi pazia linapofungwa, na katikati yake mtangazaji asisikike kabisa.

Hili ni badiliko la kwanza la utangazaji lililoletwa na maoni ya wasikilizaji wa opera hizo, na halikuhusu lafudhi wala ujuzi. Taylor alikuwa na ujuzi wa muziki kuliko Cross. Lililokataliwa ni mahali pa maneno katika mpangilio mzima wa matini. Kwa hadhira ile, opera pamoja na utangulizi wake ilikuwa matini moja yenye zamu zilizopangwa, na msemaji aliyeivamia zamu ya muziki alikuwa amevunja kanuni ya mazungumzo. Cross alielewa kwamba mamlaka ya mtangazaji yanatokana kwa sehemu kubwa na kujua wakati wa kunyamaza.

6.0 Wasikilizaji wanapokuwa wachangiaji

Katika miaka ya 1930 kituo kilizoea kurusha opera kila Jumamosi alasiri katika msimu, na Cross akawa sehemu ya ratiba ya nyumba nyingi. Halafu mwaka 1940 uhusiano wa wasikilizaji na jumba hilo ulichukua sura mpya. Chama cha opera kilihitaji zaidi ya dola milioni 1 ili kulinunua jengo kutoka kwa kampuni iliyolimiliki, na ombi likatolewa pia kwa njia ya redio. Watu wengi ambao hawakuwahi kufika New York walituma michango midogomidogo, na takriban theluthi moja ya fedha zilizopatikana ilitoka kwa wasikilizaji wa redio.

Tangu hapo haikuwa rahisi kumwambia msikilizaji kwamba hana la kusema kuhusu namna opera inavyotangazwa. Alikuwa amechangia. Tarehe 7 Desemba mwaka huohuo kampuni ya mafuta ya Texaco ilianza kuyafadhili matangazo hayo, na udhamini wake ulidumu hadi mwaka 2004. Kwa hiyo Cross alisema kwa niaba ya pande tatu: jumba lililotoa muziki, mfadhili aliyelipia mawimbi, na wasikilizaji walioamini kwamba jumba ni lao pia. Alifanikiwa kwa kutoonekana kuegemea upande wowote. Jina la mfadhili lilitajwa kwa kiasi, sifa za waimbaji zilitolewa bila uhakiki mkali, na msikilizaji alihesabiwa kuwa mgeni aliyeketi ukumbini.

7.0 Sifa za mtindo wake

Mtindo wa Cross ulikuwa na sifa ambazo mchanganuzi wa rejesta anaweza kuzitenga kwa urahisi. Kwanza, aliuchora ukumbi kwa maneno: taa zinapofifia, kiongozi wa okestra anapoingia, mavazi ya waimbaji na rangi za mandhari. Pili, alisimulia kisa cha kila tendo katika wakati uliopo, kana kwamba yeye na msikilizaji walikuwa wakikitazama pamoja. Tatu, majina ya kigeni aliyatamka kwa namna ya lugha zao za asili, huku akiyafunga katika sentensi za Kiingereza chepesi. Nne, sentensi zake zilikuwa ndefu, zenye vivumishi vingi, na zilishuka taratibu mwishoni.

Zaidi ya hayo, alikuwa na stadi isiyoandikika. Pazia la jukwaani halifuati saa, na mara nyingi mswada ulimalizika kabla kiongozi wa okestra hajaingia. Ilimbidi aendelee kusema bila maandishi, na kwa sauti ileile, mpaka muziki uanze.

Mtindo huo ulifahamika kiasi cha kufanyiwa mzaha, na yeye mwenyewe akashiriki. Mwaka 1940 NBC ilianzisha kipindi kilichoitwa The Chamber Music Society of Lower Basin Street, ambamo nyimbo za jazi na bluzi zilitambulishwa kwa lugha nzito ya kumbi za muziki wa klasiki. Cross alikuwa mtangazaji wake. Mzaha wa aina hii hauwezi kueleweka isipokuwa hadhira imeishika rejesta inayochezewa. Kufanikiwa kwa kipindi hicho ni ushahidi kwamba kufikia mwaka 1940 wasikilizaji wengi walikuwa na umilisi kamili wa lugha ya utangazaji wa muziki, ingawa hawakuwahi kufundishwa darasani.

Alichokisema redioni alikiweka pia vitabuni. Mwaka 1947 kilitoka kitabu chake kinachosimulia visa vya opera maarufu, na mwaka 1953 akatoa, pamoja na David Ewen, ensaiklopidia ya watungaji wakubwa. Hata hivyo hakukosa wakosoaji. Baada ya Vita Kuu ya Pili, utangazaji wa redio na televisheni ulielekea katika lugha ya mazungumzo ya kawaida, na baadhi ya watu waliiona lugha ya Cross kuwa ya kizamani na yenye mapambo mengi. Wengine walimpendea hayohayo. Ni wazi kwamba makundi haya mawili hayakutofautiana kuhusu alichofanya Cross. Yalitofautiana kuhusu iwapo adhama ya lugha ni heshima kwa msikilizaji au ni kizuizi kwake.

8.0 Miaka ya mwisho na urithi wa kiti

Mwaka 1966 Metropolitan Opera ilihama kutoka jengo lake la kale la barabara ya Broadway kwenda Lincoln Center. Mitandao ya redio ilikuwa imebadilika pia: NBC ililazimika kuutenga mtandao wa Blue, ambao uligeuka kuwa ABC, na kuanzia mwaka 1960 opera zilipitia mtandao maalumu ulioundwa na Texaco na jumba lenyewe. Katika mabadiliko yote hayo mtangazaji alibaki yuleyule. Katika misimu yake yote Cross alikosa matangazo mawili tu, mwaka 1973, alipofiwa na mkewe Lillian. Peter Allen, aliyekuwa mtangazaji wa akiba, alishika nafasi yake.

Milton Cross alifariki dunia kwa maradhi ya moyo siku ya Ijumaa, tarehe 3 Januari 1975, akiwa na umri wa miaka 77. Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya opera. Allen aliketi mbele ya kipaza sauti, na wasikilizaji ambao kwa zaidi ya miaka 40 walikuwa wamesikia sauti moja wakasikia nyingine.

Allen hakujaribu kumwiga mtangulizi wake. Lugha yake ilikuwa nyepesi zaidi na yenye vivumishi vichache, lakini hakugusa mpangilio wa zamu: kisa kilitangulia, ukimya ulifuata, na pazia lilielezwa lilipofungwa. Alidumu hadi mwaka 2004. Tunaona hapa kwamba mtindo wa mtu binafsi unaweza kubadilika pasipo kuuvunja muundo, na kwamba hadhira hupata njia ya kumzoea mgeni iwapo muundo umeachwa mahali pake.

Mabadiliko yaliyofuata yalikuwa mazito zaidi. Margaret Juntwait, aliyeanza Desemba 2004, alikuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho kwa kudumu. Kuanzia mwaka 2006 matangazo ya redio ya setilaiti yaliongeza idadi ya opera zilizorushwa kila wiki, na mtangazaji akaanza kusaidiwa na mchambuzi aliyezungumza naye. Hotuba ya mtu mmoja ikawa mazungumzo ya watu wawili. Juntwait alifariki mwaka 2015, na nafasi yake ikachukuliwa na Mary Jo Heath, kisha mwaka 2021 na Debra Lew Harder. Kwa hiyo katika miaka 90 ya kwanza walipita watangazaji watano tu, na wawili wa kwanza walijaza zaidi ya miaka 70.

9.0 Maoni ya wasikilizaji: uchambuzi

Kutokana na maisha haya tunaweza kuyagawa maoni ya wasikilizaji katika mafungu matatu. Fungu la kwanza linahusu sauti na matamshi: je, mgeni anatamka majina sawasawa, na je, lafudhi yake inafaa? Haya ndiyo maoni yanayotolewa kwanza, kwa kuwa ni rahisi kuyasema. Fungu la pili linahusu kiasi na mahali pa maneno. Malalamiko dhidi ya Taylor mwaka 1931 ni ya fungu hili, na mtangazaji yeyote anayezungumza na mwenzake hewani hujiweka katika hatari ya kupimwa kwa kipimo hichohicho. Fungu la tatu linahusu haki. Msikilizaji huhisi kwamba uamuzi umefanywa juu ya kitu chake bila yeye kuulizwa.

Wasimamizi wa vituo huelekea kulijibu fungu la kwanza peke yake, kwa kueleza sifa na ujuzi wa mtangazaji mpya. Jibu hilo halitoshelezi kama lalamiko lenyewe ni la fungu la tatu. Kwa upande wa pili, si sahihi kudai kwamba msikilizaji ana haki daima. Kama matakwa ya waliomzoea Cross yangefuatwa bila mpaka, pasingepatikana mtu wa kumrithi, na sauti ya mwanamke ingezuiwa kwa hoja ya desturi. Maoni ya hadhira yanastahili kusikilizwa kwa makini zaidi pale yanapohusu muundo wa matini kuliko pale yanapohusu nani awe msemaji.

10.0 Hitimisho

Maisha ya Milton Cross yanaonyesha kwamba lugha ya mtangazaji wa muziki ni rejesta kamili, yenye fonolojia yake, kanuni zake za zamu na mipaka yake ya ukimya, na kwamba wasikilizaji wake ni wajuzi wa rejesta hiyo hata kama hawana istilahi za kuielezea. Hasira ya msikilizaji anapobadilishiwa mtangazaji ni ushahidi wa umilisi huo. Anatambua kosa kwa namna mzawa wa lugha anavyotambua sentensi isiyo sarufi.

Kwa watafiti wa Kiswahili, tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, utangulizi wa vipindi vya muziki redioni, yaani maneno yale ya dakika chache, urekodiwe na uchambuliwe kama matini, hasa katika utamkaji wa majina ya kigeni na mpangilio wa zamu. Pili, barua na simu za wasikilizaji zinazofika vituoni baada ya mtangazaji kuhamishwa au kustaafu zihifadhiwe na kuhesabiwa kuwa data za isimujamii. Mara nyingi hutupwa mara tu malalamiko yanapotulia, na zikitupwa hatutakuwa na njia nyingine ya kujua wasikilizaji hao walitarajia nini kutoka kwa lugha ya redio yao.